Samaki wasioliwa wala kuuzwa, raha yake iko wapi?

SWALI: Tunaishi Nkuhungu, Dodoma. Mume wangu alihamishiwa huku kikazi miaka mitatu iliyopita, na tangu tufike ameingia kwenye kufuga samaki wa mapambo. Alianza na tangi moja, sasa yako saba. Mengine yana samaki wadogo wenye mikia ya rangi, mengine samaki wa njano anaosema asili yao ni Ziwa Nyasa. Hawali, hawauzi, wakizaana anagawa. Juzi usiku umeme ulirudi, nikataka kuwasha taa ya sebuleni, akanishika mkono: "Usiwashe, bado siku mbili." Sikuelewa. Simkatazi, ila nataka kujua: mtu mzima anapata raha gani hapo? Na maji na umeme vinavyokwenda humo ni kiasi gani?

JIBU: Dada yangu, kazi yangu ni ugani wa samaki. Mchana nazunguka kwenye mabwawa ya perege na kambale ya wakulima, jioni narudi kwenye matangi yangu mwenyewe nyumbani Kikuyu, hapa hapa Dodoma. Huu ni mwaka wa 19. Swali lako nimeulizwa mara nyingi, na wa kwanza kuniuliza alikuwa mke wangu. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu umeuliza kwa nia ya kuelewa.

Nianze na zile siku mbili.

Wale samaki wa njano, kwa unavyowaeleza, watakuwa Labidochromis caeruleus, mmoja wa samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa wanaoitwa mbuna. Kwao ni upande wa Malawi. Jike wa aina hii hatagi mayai akayaacha. Anataga moja au mawili juu ya jiwe, anageuka papo hapo na kuyaokota kwa mdomo. Dume naye ana madoa ya manjano kwenye pezi la chini, karibu na mkia, yanayofanana kabisa na mayai. Jike akiyaona anayafuata kama vile kuna mayai aliyoyasahau, anayadokoa, na wakati huo huo dume anatoa mbegu. Mayai yanarutubishwa ndani ya mdomo wa mama.

Tangu hapo mama anafunga kula. Wiki tatu nzima, wakati mwingine zaidi kidogo, chakula kinapita mbele yake na wenzake wanakigombania, yeye anarudi nyuma. Msogelee uone. Kidevu kimetuna kwa chini, na kila baada ya muda mfupi taya zinacheza taratibu kama za mtu anayesukutua. Anayageuza mayai yapate hewa. Yakishaanguliwa, vifaranga wanabaki humo humo mdomoni wakila kiini walichozaliwa nacho, mpaka wawe na umbo kamili la samaki. Kufikia wiki ya tatu tumbo la mama limebonyea na kichwa kinaonekana kikubwa kuliko mwili. Ukimtazama kwa karibu, kwenye upenyo wa midomo utaona vijicho vidogo vyeusi vinachungulia.

Sasa fikiria samaki huyo yuko gizani, ametulia nyuma ya jiwe, mara taa inawaka ghafla. Anashtuka. Samaki mwenye mzigo mdomoni akishtuka anaweza kuutema kabla ya wakati, au akaumeza. Mumeo alikuwa amehesabu siku zake, amebakiza mbili. Ndiyo sababu alikushika mkono.

Raha yenyewe ninavyoielewa mimi ni hii. Mnyama mwingine ukimfuga anakupa majibu. Mbuzi akishiba unamwona, mbwa anakupokea mlangoni, kuku anakuita asubuhi. Samaki hana sauti wala sura ya kuonyesha kwamba kachoka. Ataogelea na kula hata kama maji yanamuumiza polepole, mpaka asubuhi moja umkute amelala ubavu. Kwa hiyo anayefuga samaki anaishi na swali ambalo hana wa kumjibu: je, nawatendea sawa?

Jibu linakuja siku wanapozaa. Mayai ni mali ya mwili. Jike anayatengeneza kutokana na akiba ya chakula alichokula vizuri kwa wiki kadhaa, na mwili wenye mashaka haugusi akiba hiyo. Maji yakiwa machafu, joto likiyumba, wenzake wakimsumbua, mahali pa kujificha pakikosekana, hazai. Siku anapotaga, ujue kila kitu ulichokuwa unabahatisha kimekaa mahali pake. Mimi huwa nasema samaki wangu "wamenijibu", na mke wangu sasa naye anatumia neno hilo hilo.

Nikupe mfano wa kwangu. Katika Ziwa Tanganyika kuna samaki mdogo sana, Neolamprologus multifasciatus. Dume mkubwa hazidi urefu wa kidole kidogo, na maisha yao yote wanaishi ndani ya makombe matupu ya konokono waliokufa. Niliwapata sita kwa mfugaji mwenzangu aliyewatoa Kigoma. Nikawatafutia makombe ya konokono wa nchi kavu, wale wanaotoka baada ya mvua, nikayachemsha na kuyapanga juu ya mchanga. Maji nilipima, chakula walikula. Miezi mitano ikapita bila kitu. Wanatoka, wanarudi, basi.

Kosa langu lilikuwa kwenye mchanga. Nilikuwa nimeweka tabaka jembamba, kama la sentimita moja, kwa sababu mchanga mwingi ni shida kusafisha. Jumamosi moja nikaongeza mpaka sentimita tano hivi, nikalala. Asubuhi nikadhani kuna mtu aliyeingiza mkono tangini. Yale makombe yote yalikuwa yamefukiwa, yamebaki midomo tu juu ya mchanga kama vyungu vilivyozikwa, na mbele ya kila mlango pana shimo lililochimbwa nadhifu. Samaki wa sentimita nne, usiku mmoja! Kumbe walichokuwa wanakingoja ni mchanga wa kufukia nyumba zao. Haukupita mwezi nikaona kwenye mlango wa kombe moja vitu vitatu vidogo kama alama ya mkato iliyoandikwa kwa penseli, vinatetemeka. Nilikaa chini sakafuni nikavitazama mpaka chai ikapoa. Miezi mitano walikuwa wananiambia kitu kimoja, nami sikuwa nimesikia.

Hiyo ndiyo raha anayoipata shemeji yangu huyo, na ndiyo maana tangi moja limekuwa saba. Mtu akishajibiwa mara moja anataka kuuliza tena, kwa samaki mwingine mwenye masharti mengine.

Wale wadogo wenye mikia ya rangi ni gapi bila shaka. Hawa raha yao ni ya namna nyingine, kwa sababu kuzaa kwao hakuhitaji ubembelezaji. Gapi hatagi, anazaa vifaranga hai, kila baada ya wiki nne hivi, 20 mpaka 50 kwa mara moja, na jike aliyepandwa mara moja anatunza mbegu mwilini akaendelea kuzaa kwa miezi bila dume. Kwa gapi kazi ni kuchagua. Unajua mkulima wa mtama anavyofanya wakati wa mavuno: kabla ya kupura, anapita akitoa masuke makubwa yaliyojaa, anayatundika juu ya jiko yapate moshi, hayo ni mbegu ya mwakani. Mfugaji wa gapi anafanya hivyo hivyo kwa mikia. Anatenga dume mwenye rangi aipendayo na jike wa ukoo mzuri, wengine anawaweka tangi jingine, anangoja miezi mitatu aone watoto wametokaje.

Na hapo pana elimu. Mwaka 1922 mtaalamu wa Denmark aitwaye Øjvind Winge aliandika matokeo ya kazi yake juu ya gapi, akionyesha kwamba baadhi ya rangi za dume hupita moja kwa moja kutoka kwa baba kwenda kwa watoto wa kiume peke yao, kwa sababu vinasaba vyake viko kwenye kromosomu Y. Alikuwa anatumia samaki wale wale walioko sebuleni kwako. Kama una mtoto wa sekondari nyumbani anayehangaika na somo la urithi kwenye biolojia, mkabidhi dume mmoja na majike wawili ambao hawajawahi kukaa na dume, pamoja na daftari. Baada ya vizazi viwili atakuwa anaieleza Y vizuri kuliko mwalimu.

Tukirudi Tanganyika, mambo ya ajabu ni mengi mno. Kuna Neolamprologus pulcher, ambao watoto wakubwa hawaondoki nyumbani. Wanabaki kulinda wadogo zao, kupepea mayai na kufukuza maadui, kama dada mkubwa anayembeba mdogo mgongoni mama akiwa shambani. Kuna gogogo mwenye madoa, Synodontis multipunctatus, anayepenyeza mayai yake kati ya mayai ya samaki wanaolea mdomoni. Yake yanaanguliwa mapema, na vifaranga wake wanawala wenyeji humo humo ndani ya mdomo wa mama mlezi. Mtafiti Tetsu Sato aliliandika hilo mwaka 1986. Mambo haya ukiyaona kwa macho yako, usiku, umekaa kwenye kigoda mbele ya kioo, yanakukaa kuliko ukiyasoma.

Sasa Dodoma. Watu wengi wanashangaa: mji mkavu huu, vumbi la mwezi wa tisa linaingia mpaka ndani ya kabati, na mtu anafuga samaki wa Nyasa? Ukweli ni kwamba kwa baadhi ya samaki sisi tumebahatika. Maji yetu mengi yanatoka chini ya ardhi, kuanzia visima vya Makutupora mpaka visima vya watu binafsi, na ni maji magumu. Angalia birika lako: ule utando mweupe unaoganda ndani ni madini. Maji hayo yanaudhi kwenye kufua nguo, sabuni haitoki povu, lakini mbuna na samaki wa Tanganyika wanayapenda, kwa sababu maziwa yao yenyewe yana maji yenye madini na yasiyo na uchachu. Gapi na moli nao hivyo hivyo. Anayetaka kuzalisha samaki wa mito ya Amazon, wanaohitaji maji laini kama ya mvua, huku atapata taabu. Nimewaona wanaojaribu, na ninawashauri waache. Mumeo amechagua vizuri, iwe kwa kujua au kwa kubahatika.

Maji ya bomba yenye dawa anatakiwa kuyaacha kwenye ndoo wazi siku moja au mbili kabla ya kuyatumia. Ukiona ndoo zimepangwa uani hazina kazi, kazi yao ni hiyo, usizifulie.

Tatizo letu halisi ni baridi. Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa mwezi wa saba joto linashuka mpaka nyuzi 13 au 14. Nina kumbukumbu chungu ya hilo. Mwaka wangu wa tatu wa ufugaji nilikuwa na vifaranga 60 wa mbuna kwenye tangi dogo, karibu na dirisha. Umeme ukakatika saa nne usiku, hita ikazima, pampu ikazima, nami nikalala nikijua utarudi. Saa kumi na mbili asubuhi kipimajoto kilikuwa kinasoma 17. Niliwatoa 41 kwa kijiko. Wale walioishi niliwaita kwa siri "wazee", na mmoja wao, jike, alinizalia kwa miaka minne. Tangu hapo vifaranga siwaweki karibu na dirisha, nina pampu ndogo ya betri, na mwezi wa sita ukiingia nayavisha matangi pande tatu ile sponji nyeupe inayokuja na maboksi ya televisheni. Mwambie mumeo afanye hivyo. Mwambie pia kwamba umeme ukikatika asiwape chakula, kwa sababu chakula kisicholiwa kinaoza na kumaliza hewa iliyobaki majini.

Ulitaka kujua gharama. Sijui matangi yenu yana ujazo gani, kwa hiyo nitachukua lita 60 kila moja. Saba ni lita 420. Akibadilisha robo ya maji kila wiki, kama inavyopasa, ni lita 105, yaani madumu matano na kidogo ya lita 20. Lakini maji hayo hayapotei. Yana naitreti, ambayo ni mbolea: kinyesi cha samaki kinatoa amonia, bakteria wanaoishi kwenye chujio wanaigeuza kuwa naitraiti kisha naitreti, na naitreti ndiyo anayoitaka mchicha. Mimi sijanunua mbolea ya bustani kwa miaka mingi. Mchicha na mzabibu wangu mmoja nyuma ya nyumba vinakunywa maji ya samaki. Yale tu yaliyotiwa chumvi au dawa ndiyo usimwagie. Kwenye luku, pampu ya hewa ya wati 5 ikienda usiku na mchana inakula yuniti 3.6 kwa mwezi. Hita ndiyo mlaji: ya wati 100 ikiwaka nusu ya siku ni yuniti 36 kwa mwezi. Kwa hiyo kama anaacha hita zimewaka mwaka mzima, hapo una haki ya kuuliza. Miezi ya joto, Oktoba na kuendelea, matangi mengi Dodoma hayahitaji hita kabisa.

Kuhusu kutouza, usimlaumu. Nimewajua watu walioingia kwenye uzalishaji kwa ajili ya fedha, na soko la samaki wa mapambo hapa mjini ni dogo. Mwezi una wateja, mwezi hauna, na samaki wanaendelea kula. Kugawa ndiko kunakoudumisha ufugaji huu. Jike wangu wa kwanza nilipewa bure, nami wake zangu, yaani wale samaki mama, wamezaa vizazi ambavyo viko Makole, Kisasa, Singida na Iringa. Siku ugonjwa uliponimalizia aina moja yote, nilipiga simu kwa kijana niliyempa vifaranga sita, akanirudishia kumi.

Kuna samaki mmoja ninayempenda kuliko wengine wote, na kwa mtu wa kanda ya kati nadhani ndiye anayeeleza jambo hili vizuri zaidi. Ni jamii ya Nothobranchius. Wafugaji tunawaita notho. Wanaishi kwenye madimbwi ya msimu, yale yanayojaa mvua zikinyesha na kukauka mpaka ardhi ikapasuka. Dimbwi likikauka samaki wote wanakufa, hakuna anayebaki. Lakini kabla ya hapo wametaga, kila siku mayai machache, yakafukiwa kwenye tope. Yai ni dogo, kama milimita moja, na lina ganda gumu. Linakaa ardhini kiangazi chote, uhai wake umesimama, mpaka mvua nyingine. Mvua ikija linaanguliwa, na kifaranga anakua kwa haraka isiyo ya kawaida: aina moja ya huko Msumbiji na Zimbabwe, Nothobranchius furzeri, imeonekana porini ikifikia uzazi siku 14 tu tangu kuanguliwa. Tanzania ni nchi tajiri wa samaki hawa. Nothobranchius guentheri ni wa Unguja, na Nothobranchius neumanni asili yake ni huku huku kwetu kanda ya kati.

Mimi nafuga guentheri, wa ukoo uliozalishwa majumbani kwa vizazi vingi. Dume ana mkia mwekundu kama pilipili. Nawawekea bakuli la makumbi ya nazi yaliyosagwa, wanajitosa humo wawili wawili na kutaga. Baada ya wiki moja au mbili natoa yale makumbi, nayakamua mpaka yabaki na unyevu wa tumbaku ya kusokota, nayatia kwenye mfuko wa nailoni, naandika jina, asili na tarehe, nauweka kwenye droo ya kabati. Hapo sina samaki. Nina mfuko wa makumbi tu. Miezi mitatu au minne baadaye namimina makumbi kwenye beseni, namwagia maji ya baridi kidogo, kama ya mvua ya kwanza. Baada ya saa chache, kuna vifaranga.

Mara ya kwanza nilifanya hivyo Desemba, jioni, wingu limetanda upande wa Mlimwa na watu wote mtaani wanangoja mvua. Walitoka 23. Nikadhani yaliyobaki yamekufa, nikataka kuyamwaga. Mwenzangu aliyenifundisha akanizuia, akasema yakaushe tena, uyarudishe drooni. Mwezi wa pili nikayamwagia upya, wakatoka wengine 15. Kumbe hayaanguliwi yote kwa mvua ya kwanza, kwa sababu mvua ya kwanza inaweza kudanganya: inanyesha siku mbili, dimbwi linajaa, kisha jua wiki tatu. Mayai mengine yanangoja. Baba yangu alilima uwele Mvumi maisha yake yote, na hakuwahi kutia mbegu yake yote ardhini kwa mvua ya kwanza. Nilimsimulia habari ya mayai haya akiwa mzee sana. Akaniomba nimletee beseni alione.

Madimbwi ya namna hiyo yanafukiwa kila siku, kwa viwanja, kwa barabara, kwa mashamba, na nani atagundua kwamba dimbwi lililofukiwa mwezi wa nane, likiwa kavu, lilikuwa na samaki ndani yake? Ndiyo maana wafugaji wa notho wana tabia ya kuandika mahali samaki alikotoka na kutochanganya koo za mahali tofauti. Haya siyo mambo ya mapambo tu. Ziwa Victoria lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu, wale samaki wadogo. Sangara aliletwa miaka ya 1950, akaongezeka sana miaka ya 1980, na furu aina nyingi, pengine 200, hawaonekani tena. Baadhi ya zile zilizonusurika ziliendelea kuishi kwenye matangi, ya bustani za wanyama na ya watu wa kawaida huko Ulaya na Marekani, waliozizalisha kizazi kwa kizazi kwa kupenda tu. Tangi haliwezi kuchukua nafasi ya ziwa, na samaki aliyezaliwa kiooni kwa vizazi vingi anabadilika. Lakini aliyepo kwenye tangi yupo.

Kuna mambo mawili ambayo nakuomba uyasimamie kama mwenye nyumba. Samaki wakizidi, asiende kuwamwaga kwenye bwawa la Hombolo, la Mtera wala kwenye mtaro wowote. Samaki mgeni kwenye maji ya asili hawezi kurudishwa, na tumetoka kumtaja sangara. Pili, asizalishe kuliko nyumba alizonazo za kuwapeleka. Tangi lililosongamana ni mateso kwa samaki, na mfugaji anayependa samaki wake anajua kutenganisha dume na jike na kupumzika msimu mzima. Mimi hupumzisha mbuna wangu miezi ya baridi.

Hukuniuliza, ila nimelisoma kati ya mistari: unahisi muda mwingi anaupeleka huko. Usimwondoe kwenye matangi. Mwombe moja liwe la watoto, wachague wao samaki, wao ndio wabadilishe maji. Nyumbani kwangu hilo lilisaidia kuliko maneno.

Wale wa siku mbili naamini wameshatoka. Lakini jike wa namna hii, akishakula na kurudisha mwili, anaweza kubeba tena baada ya mwezi mmoja au zaidi, na kwenye matangi saba hatakosekana mwingine. Mwulize mumeo ni yupi sasa ana kidevu kilichotuna, na ni siku ya ngapi. Andika tarehe kwenye kalenda ya jikoni, uhesabu na wewe. Siku ya 21 ikikaribia, jioni, zima taa zote, fungeni kitambaa juu ya tochi mwanga uwe hafifu, mkae chini macho yawe sawa na kioo. Mama atasogea kwenye pembe yenye mawe, atafungua mdomo kidogo, na watatoka mmoja mmoja, wana urefu wa sentimita moja, kila kitu kimekamilika mpaka mapezi. Hesabuni. Wewe utasema 18, yeye atasema 20, na itabidi mrudie tangu mwanzo.